Kijidude Nyuma ya Swichi

Nilizima meni swichi, nikahakikisha kwa testa,
nikaketi sakafuni jikoni kwa mama, Ibra, mwezi wa Juni,
kiyoyozi kimezimika, jasho linanitiririka mpaka kiunoni.
Nikalegeza skrubu mbili za swichi iliyogeuka manjano
kwa miaka na miaka ya moshi wa bajia.
Ndani ya kikasha cha chuma: vumbi, mjusi mkavu,
na nyaya alizozivuta marehemu baba kwa mkono wake,
nyekundu, nyeusi, na moja ya kijani aliyoipiga fundo
akaiacha hivyo hivyo, kama mtu aliyesema narudi sasa hivi.

Kijidude chenyewe hakizidi kiberiti.
Kinaingia nyuma ya swichi, kinajibana, kinanyamaza.
Moto huku, nyutro kule, uzi mwembamba kwenda kwenye swichi,
na tumboni mwake kibati kinachogonga:
tk.

"Na swichi yangu?" mama akauliza.
Iko pale pale, mama. Bonyeza kama ulivyozoea.
Akabonyeza kwa kiwiko, mikono ina unga.
Taa ikawaka.
"Sasa toka asubuhi umefanya nini?"

Cha pili nilikifunga kwenye hita ya bafuni,
chenye nguvu zaidi, maana hita haina mchezo.
Nikakipangia saa: alfajiri kiwashe, jua likitoka kizime.
Siku ya tatu simu ikalia Sohar, niko zamuni.
"Ulinizaa wewe au nilikuzaa mimi? Umenipika!"
Nilisahau. Mwana wa Ibra, nilisahau
kwamba kiangazi kwetu tangi la juu ya dari ndilo jiko,
hita huzimwa, maji yakapoa ndani yake kama mtungini,
na mwenye akili hufungua bomba la moto
apate ya baridi.
Kijidude hakikuwa na kosa. Kilifanya nilichokiambia.

Tangu hapo nikawa msomaji wa taa.
Saa kumi kasoro robo: jikoni, imewaka.
Saa kumi na dakika tano: ukumbini.
Saa tano za usiku: ukumbini, imezimwa. Ikawashwa tena. Ikazimwa.
(Amesahau miwani, nikasema, nikacheka peke yangu
kati ya mabomba na honi za malori ya bandarini.)
Nilimjua kwa taa kuliko kwa sauti.
Kupiga simu nikapunguza. Ya nini?
Jikoni imewaka, basi mama ameamka, mama mzima,
nami narejesha simu mfukoni.

Mpaka Bi Shinuna, jirani, aliponipigia.
"Usimwambie nimekwambia. Yuko kwangu siku ya nne,
ana homa, goti limevimba kama nazi."
Nikamwambia haiwezekani, bibi,
leo alfajiri jikoni kumewaka, ninayo hapa, saa na dakika.
Akanyamaza kidogo.
"Aliyewasha ni mjukuu wangu, Rayya.
Mama yako humwamsha kila alfajiri, anampa funguo:
nenda kanibonyezee, mwanangu asije akaacha kazi."

Niliendesha usiku kucha.
Karibu na Samail simu ikatetemeka kitini: jikoni, imewaka.
Nikamwona, ingawa sikumwona,
mtoto wa miaka minane amepanda kreti la soda,
nusu yu usingizini, kidole kwenye swichi ya baba.
Na mimi, mwenye kipimo na testa na cheti cha ufundi,
nilikuwa nikimsoma yeye.

"Mbona ulinificha?" nilimuuliza mama, barafu mkononi, goti mapajani mwangu.
"Ulitaka taa," akasema. "Nikakupa taa."

Vijidude sijaving'oa. Vinafanya kazi vizuri,
cha hita nimekifuta saa zake mpaka Oktoba.
Ila siku hizi jikoni kukiwaka, napiga.
Hungoja mlio mmoja tu, kisha:
"Ni mimi. Si Rayya. Haya, kalale."